Uwekezaji wa majengo Marekani kushuka 2015
Kilichoushusha uwekezaji huo ni mafuta, sio maofisi. Kwenye hesabu za BEA (ofisi ya serikali ya Marekani inayotoa takwimu za uchumi) "majengo na miundo" ya kampuni binafsi inabeba mpaka visima vya mafuta na gesi, yaani kisima kikichimbwa Texas kinaingia kapu moja na ghorofa la ofisi, sasa bei ilivyoporomoka toka dola 100 na ushee kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 30 mapema 2016, mitambo ya kuchimba ikapaki na jumla yote ikavutwa chini huku maofisi yenyewe bado yanajengwa. Mi huwa nafungua jedwali la mchanganuo, mstari wa visima uko peke yake. Ila uwekezaji huo uliposhuka tena 2020 usiyalaumu mafuta tu, maofisi nayo yaliumia.