Kabla ya kusuka mkeka, chana kwanza

Mkeka wangu wa kwanza haukulala chini. Ukiutandika, pembe mbili zinanyanyuka. Ukizikanyaga, upande wa pili unabinuka. Shangazi yangu, aliyenifundisha barazani kwake Makorora, hapa Tanga, aliutazama akauliza, "Mwanangu, huu mkeka au ngalawa?"

Nikadhani nimekosea kushona. Akanipa ukili wangu mwenyewe, ule utepe uliosukwa ambao hushonwa na wenzake kuwa mkeka, niupitishe katikati ya vidole viwili, polepole, macho nimefumba. Hapa mpana, mbele kidogo umebana, kisha unapanuka tena. Ukili wa namna hiyo ukiushona na mwenzake, mmoja unavuta na mwingine unapwaya, mkeka utaachaje kubinuka? Tena uliharibika kabla sijaanza kuusuka, siku ile nilipochana ukindu, yale majani ya mkindu, kuwa vipande vyembamba kwa pupa: chane moja nene, nyingine kama uzi.

Basi wewe unayeanza, wiki nzima chana tu, usisuke. Pasua jani kwa ncha ya sindano, vuta mara moja bila kusitasita, kisha ulinganishe na chane ya kwanza uliyoiweka pembeni iwe kipimo. Zisizolingana usizitupe, zitatosha kipepeo cha jiko la mkaa.

Halafu kuna unyevu. Ukindu mkavu hukatikia mkononi, tena pale pale unapokunja. Mimi huzifunga chane kwenye kanga kuukuu niliyoinyunyizia maji na kusuka asubuhi. Jua la Tanga likipanda, nanyunyiza tena. Ila usizilaze zikiwa na maji usiku kucha. Joto letu la pwani huotesha ukungu, na yale madoa meusi hayatoki hata ufanyeje.

Kwenye rangi ndiko nilikofedheheka. Siku ya maulidi nyumbani nilitandika mkeka wa zambarau, nao nimejaa maringo. Mgeni akaketi na kanzu yake nyeupe, akainuka na mistari ya zambarau nyuma, na hakuna aliyethubutu kumwambia mpaka alipofika mlangoni. Rangi niliichemsha sawasawa, kusuuza ndiko nilikofanyia uvivu. Siku hizi nasuuza hadi maji yatoke meupe, naanika kivulini, kisha nasugua chane kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikishika rangi, narudi kwenye beseni.

Watu huniuliza mbona sisuki mkonge, na Tanga ndiyo kwao. Singa zake nazipenda kwa kamba na mazulia. Lakini mkonge wenyewe ni mgeni hapa: uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ikafika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Na kwa kulalia, mgongo wangu haujawahi kuuchagua.

Bei usiilinganishe na mkeka wa plastiki, hesabu siku zako. Ukiuza ukili peke yake, unauzwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Kubalianeni mapema ni mikono ya nani, maana wapo wanunuzi wanaokuja na kaka yao mrefu.

Na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mkeka, nunua mbili. Moja itapotelea ndani ya mkeka, na atakayeiona wa kwanza ni mgeni, akishakaa.