Usilipie tikiti ya Juni kwa pasipoti inayoisha Novemba

Usilipie tikiti hiyo. Umeandika kwamba pasipoti yako itaisha tarehe 22 Novemba 2027, kwamba unataka kwenda Dubai kununua bidhaa tarehe 10 Juni mwaka huohuo, na kwamba wakala wako wa Kakamega amekuhakikishia kuwa huna haja ya kuibadilisha sasa kwa sababu utakuwa umesharudi nyumbani miezi mitano kabla haijaisha. Hiyo miezi mitano ndiyo tatizo lenyewe. Umoja wa Falme za Kiarabu unataka pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita kuanzia siku unayoingia, na yako siku hiyo itakuwa imebakiza miezi mitano na siku kumi na mbili. Umeuliza pia kuhusu idadi ya kurasa na kuhusu kwenda ofisi ya Kisumu au ya Nakuru, na hayo nitayafikia, lakini hili la miezi lazima litangulie, kwa maana hesabu uliyoipiga ndiyo niliyoipiga mimi mwaka 2019.

Mimi ninauza nguo za watoto katika soko la Kibuye, Kisumu. Pasipoti yangu, ile ya zamani ya buluu iliyokolea, ilikuwa inaisha tarehe 14 Agosti 2019. Viza ya Dubai ilitoka mwanzoni mwa Februari, na safari ilikuwa tarehe 10 mwezi huo, siku ambayo pasipoti ilikuwa bado na miezi sita na siku nne. Kama ningesafiri siku hiyo, nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini mtoto wangu aliugua malaria akalazwa, nikamwuliza wakala aliyenishughulikia kama ninaweza kuahirisha safari hadi tarehe 3 Machi. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Mama, viza ikishatoka hakuna mtu anayeangalia pasipoti tena. Wewe hakikisha tu viza haijaisha." Nikaamini, nikalipa ada ya kubadilisha tarehe ya tikiti, nikarudi sokoni kupokea oda za wenzangu.

Nilipanda basi la usiku hadi Nairobi nikiwa na masanduku matatu matupu, moja ndani ya jingine, kama tunavyobeba sisi wafanyabiashara. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, dada aliyekuwa akikagua hati alifungua pasipoti yangu, akaweka kidole gumba cha mkono wa kushoto juu ya tarehe ya mwisho, kisha akahesabu kwa vidole vya mkono wa kulia: Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti. Vidole vilikwisha kabla hajafikisha miezi sita. Aliitazama viza, akairudia ile tarehe, akaniambia kwa upole kwamba viza yangu ni nzima lakini pasipoti haitanifikisha. Nilimwonyesha karatasi ya hoteli. Nilimpigia wakala simu mbele yake, ikaita hadi ikakatika, nikapiga tena, ikawa imezimwa. Dada yule hakuwa na la kunisaidia, kwa sababu shirika la ndege likimbeba abiria asiyetimiza masharti ya nchi anakokwenda hulazimika kumrudisha kwa gharama ya shirika lenyewe, na mara nyingi hutozwa faini pia. Ndiyo maana wanaohesabu miezi hiyo kwa makini zaidi ni watu wa kaunta, na utahesabiwa papa hapa Kenya kabla hujamwona ofisa yeyote wa Dubai.

Nilipoteza tikiti ya shilingi 54,000, pesa za viza na malipo ya hoteli, yote kwa sababu sikutaka kutoa mapema shilingi 4,500, bei ya pasipoti mpya mwaka huo. Lakini tikiti si kitu kilichoniuma zaidi. Wanawake wanne wa Kibuye walikuwa wamenipa pesa zao niwanunulie nguo za Pasaka, na Pasaka mwaka huo ilikuwa tarehe 21 Aprili. Pasipoti mpya ilipotoka, ile viza ya kwanza haikuwa na kazi tena, kwa kuwa ilikuwa imefungwa kwenye namba ya pasipoti ya zamani, ikabidi niombe nyingine na kulipa upya. Pasaka ilipita meza zao zikiwa hazina mzigo. Niliwarudishia kila mmoja pesa zake zote, lakini wawili kati yao hawajawahi kunipa oda tena hadi leo, na siwezi kuwalaumu.

Wakala nilimfuata ofisini kwake, ghorofa ya pili, katikati ya mji. Aliniambia kwamba ilikuwa bahati mbaya. Mtu anayelipwa kwa kazi ya kusafirisha watu, anayeshika pasipoti zao kila siku, hawezi kuiita bahati mbaya tarehe iliyochapishwa kwenye ukurasa wenye picha. Aliijua kanuni ile au alipaswa kuijua, na vyovyote vile alichukua pesa yangu kwa ushauri aliobuni akiwa ameketi kitini. Huyo wako wa Kakamega anakuambia maneno yaleyale, na ndiyo sababu ninakuandikia kwa ukali huu.

Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tumezoezwa vibaya na mipaka yetu. Unavuka Busia au Malaba kwa kitambulisho tu, unanunua mzigo Uganda na kurudi, na unaanza kuamini kwamba hati yoyote ambayo haijaisha inatosha. Kwingineko kila nchi ina hesabu yake. Afrika Kusini inataka pasipoti iendelee kuwa hai siku thelathini baada ya siku unayokusudia kuondoka. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka miezi mitatu baada ya kuondoka kwako, na tena pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Usijisumbue kuzikariri zote. Pasipoti ikibakiza mwaka mmoja, ihesabu kuwa imeshakwisha na uanze kuibadilisha, kisha ndipo utafute viza na tikiti ukiwa na namba mpya mkononi. Pasipoti za kielektroniki zilianza kutolewa Kenya Septemba 2017, kila moja ikidumu miaka kumi, kwa hiyo wewe na wote mliowahi kuzichukua za kwanza mtakuwa mnazibadilisha wakati mmoja. Ukikumbuka jinsi maombi yalivyorundikana mwaka 2023 na watu wakangoja kwa miezi, utaona kwamba si busara kusubiri kundi lote lifike.

Kuhusu kurasa, ya 34 kwa shilingi 7,500 inamtosha mtu wa safari mbili tatu kwa mwaka, na ya 50 kwa 9,500 ni ya anayesafiri kila mwezi. Kwa mtu wa Kakamega, Kisumu ndiyo karibu. Jaza maombi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lipa, weka miadi, kisha uende mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, ukiwa na kitambulisho halisi na pasipoti ya zamani pamoja na nakala zake. Mtu akikuambia kwamba atakufanyia yote hayo usipofika, mwache.

Na huyo wakala akikubishia, mfungulie ukurasa wenye picha mbele yake, mwambie ahesabu miezi sita kurudi nyuma kutoka tarehe 22 Novemba. Atafika tarehe 22 Mei, na wewe anataka kukupandisha ndege tarehe 10 Juni.