Usikimbilie Kutia Maji

Kwetu Lamu, sahani za kauri zilikaa kwenye vidaka, za kutazamwa tu. Labda ndiyo maana nilipofika Uingereza nilishikwa na vyombo vya maua vya zamani: unavitazama na bado vina kazi. Navipata kwenye maduka ya hisani na yale masoko ya Jumapili, watu wanapouza vikorokoro vyao nyuma ya magari.

Jagi langu la kwanza, la kijani, nililinunua pauni 4. Nikalijaza maji, nikapanga waridi, nikaliweka juu ya kabati la mbao. Asubuhi nikakuta duara jeupe kwenye vanishi. Halijafutika hadi leo, nimelifunika kwa kitambaa.

Ufa sikuuona. Ila vyombo vingi vya zamani vya Stoke-on-Trent, mji wa wafinyanzi huku Uingereza, ni vya udongo unaokunywa maji kama mtungi, na kinachoyazuia ni ule utando wa kioo uliopakwa juu. Ukizeeka hujichora nyufa nyembamba kama buibui kapita. Basi chombo kikiingia nyumbani, kijaze maji, kiache usiku kucha juu ya gazeti. Gazeti likilowa usikitupe. Tumbukiza glasi ndani, maua yakae kwenye glasi.

Vinavyonikosha zaidi ni vya Constance Spry, mpambaji aliyeshughulikia maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II mwaka 1953. Vilifinyangwa Fulham Pottery, kiwanda cha ufinyanzi cha London, kuanzia miaka ya 1930: vyeupe, havimetimeti, vipana kama mashua. Na hapo ndipo tabu ilipo, maana ukitia maua matano yote yanaangukia upande. Dawa yake Spry ilikuwa waya wa banda la kuku, uliofinyangwafinyangwa na kusokomezwa ndani. Nami nafanya hivyo, ila nazikunja ncha zisikwaruze. Wala usihangaike na maua ya bei; mama yule alipamba hata kwa majani ya sukuma wiki.

Kabla hujatoa pesa, geuza chombo usome kitako. Neno ENGLAND peke yake halikifanyi kuwa cha kale sana. Lilienea kuanzia 1891, sheria ya Marekani ilipotaka bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka. Muuzaji mmoja aliniapia chake kina miaka 200. Nikakigeuza, nikamwekea kidole juu ya neno lile. Akakohoa, akapunguza pauni 10.