Asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi

Mdogo wangu, unauliza kwa nini mwalimu alikuzuia kumimina maji kwenye asidi ya salfuriki. Alikuokoa macho. Asidi kali ya 98% ni nzito, lita moja ina karibu kilo 1.84, maji yanabaki juu yake, yanachemka papo hapo kwa joto la kuchanganyika na kukurukia usoni pamoja na asidi. Maji kwanza, kisha asidi kidogo kidogo ukikoroga, na miwani iwe machoni, siyo kichwani!

Halafu Julai hii ya Iringa mnavaa sweta ndani ya koti la maabara. Asidi ikikumwagikia, sweta inainyonya na kuishikiza kwenye ngozi. Vua upesi, usione haya. Osha kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, hata yakiuma kwa baridi. Magadi ya kuua asidi ni ya ile iliyomwagika mezani, si ya mkononi.