Wasomaji wanauliza: Biashara na mazingira, shahada mbili kwa mpigo

Tangu tuandike juu ya kazi za mazingira migodini, wasomaji wengi wametuuliza kuhusu kusomea uzamili wa biashara, yaani MBA, pamoja na uzamili wa mazingira. Tumechagua barua tano. Zilizouliza jambo lilelile tumeziunganisha.

Ndugu wahariri, jambo. Nilimaliza uhandisi wa madini Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), na sasa nafanya kazi katika kampuni inayohudumia migodi. Nasikia kuna vyuo vinavyotoa shahada zote mbili kwa miaka mitatu. Ni kweli, au ni watu wanatafuta pesa zetu? – Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi

Ni kweli, ndugu. Marekani kila moja ya shahada hizo kwa kawaida ni miaka miwili, kwa hiyo ukizisoma moja baada ya nyingine ni minne. Vyuo vyenye makubaliano huacha baadhi ya masomo yahesabiwe pande zote mbili, na hapo ndipo mwaka mmoja unapookolewa. Chuo Kikuu cha Michigan kinafanya hivyo kupitia Taasisi ya Erb, iliyoanza mwaka 1996. Yale inaunganisha shule yake ya menejimenti na ile ya mazingira, na Duke inaunganisha Fuqua, shule yake ya biashara, na Nicholas, ile ya mazingira. Oxford ina mpango wake unaoitwa 1+1: mwaka wa kwanza uzamili wa sayansi, mwaka wa pili MBA katika shule ya Saïd, jumla miaka miwili.

Wengi wanajikwaa kwa kudhani wanapeleka ombi moja. Kwa vyuo vingi vya Marekani ni maombi mawili, yenye ada mbili na kamati mbili, na kila kamati inaamua kivyake. Unaweza kukubaliwa huku na kukataliwa kule. Likitokea hilo, mara nyingi unaruhusiwa kuanza upande uliokupokea na kuomba wa pili ndani ya mwaka wa kwanza. Basi kabla ya kutuma chochote, jiulize: wakinipa moja tu, nitakwenda? Kama jibu ni hapana, chuo hicho usikiombe.

Kalenda nayo ina mtego. Shule za biashara hupokea maombi kwa duru: ya kwanza karibu na Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari, ya tatu Machi au Aprili. Shule za mazingira nyingi hufunga kati ya Desemba na Januari. Kwa mtu anayetoka Kongo, duru ya tatu ni kama haipo: pesa za msaada zimeshagawiwa, na muda wa viza hautoshi.

Barua za kukupendekeza ni jambo lingine linaloharibu mafaili mazuri. Biashara wanataka mkuu wako wa kazi, anayeweza kusema ulisimamia watu wangapi na ulipunguza gharama gani. Mazingira wanataka angalau profesa mmoja aliyeona utafiti wako. Ukituma maprofesa watupu upande wa biashara, unaonekana hujafanya kazi. Na kama profesa wako ana anwani ya barua pepe ya chuo, atumie hiyo. Anwani ya mtu binafsi huchelewesha uhakiki.

Insha, tafadhali, zisiwe nakala moja. Una bahati ya kuishi kwenye mfano ambao wengine wanausoma vitabuni, basi utumie. Kanuni ya Madini ya Kongo kama ilivyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mwenye mgodi kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii. Mgodi unaouza dola milioni 200 unatenga dola 600,000. Kwa shule ya biashara, eleza nani anaamua matumizi ya pesa hizo, na kwa nini kisima kilichochimbwa kwa pesa nyingi hukauka bila bajeti ya matengenezo. Kwa shule ya mazingira, chukua hesabu ya hewa ukaa, ambayo wahasibu huigawa katika makundi matatu. Dizeli ya malori na jenereta za mgodi ni kundi la kwanza. Umeme unaonunuliwa SNEL, shirika la umeme la taifa, ni kundi la pili, na huo sehemu kubwa unatoka kwenye mabwawa, kwa hiyo kaboni yake ni ndogo mpaka siku umeme unapokatika na jenereta kuwashwa. Asidi na chokaa unavyonunua, na malori ya wakandarasi yanayopita Kasumbalesa kwenda Dar es Salaam au Durban, ni kundi la tatu, na ndilo linalowatoa jasho wahasibu wa mazingira. Ukiweza kuandika hayo kwa ukurasa mmoja bila maneno ya mapambo, umeshawaonyesha kwa nini unahitaji shule zote mbili.

Nina lisansi ya uchumi ya mfumo wa zamani, pointi 67 kwa mia. Rafiki yangu aliyeko Kanada anasema kwao hiyo ni karibu na kuanguka. Nijaribu hata hivyo? – Dada wa Ibanda, Bukavu

Jaribu, dada, ila usiache pointi zako ziende peke yao. Kwetu 50 ni kupita, 70 ni distinksyo, 80 ni distinksyo kubwa, na kuna vitivo ambavyo mwaka mzima hakuna aliyefika 75. Msomaji wa mafaili wa ng'ambo halijui hilo asipoambiwa. Nenda sekretaria ya akademia ya chuo chako uombe karatasi tatu: matokeo ya kila mwaka (si ya mwaka wa mwisho tu), maelezo ya ngazi za pointi yenye muhuri, na barua inayotaja nafasi yako darasani. «Wa 4 kati ya 92» inazungumza kuliko 67. Usigeuze pointi wewe mwenyewe kuwa za Kimarekani. Kazi hiyo ni ya chuo au ya shirika la uhakiki wanalolitaja, na wakikuta umeigeuza kwa kujipendelea, faili lote linatiliwa shaka.

Omba bahasha nne za karatasi hizo kwa mara moja, zimefungwa, na muhuri upite juu ya mdomo wa bahasha. Usizifungue hata kuangalia. Aliyefungua moja anarudi kupanga foleni upya na kulipa tena.

Kuna suala la miaka. Lisansi yako ni gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2, jumla 5, na hiyo inatosha. Wadogo zako wa mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, dokta) wana lisansi ya miaka 3, krediti 180, na vyuo vingine vya Marekani vinadai miaka 4. Karatasi zote mbili zinaitwa jina lilelile, kwa hiyo mtafsiri aliyeapishwa aache neno la Kifaransa kama lilivyo na aandike kando muda wa masomo.

Mwisho, majina. Sisi tuna jina, postnomu na prenomu. Fomu zao zina nafasi mbili. Chukua pasipoti, andika majina jinsi yalivyo humo, na ufuate mpangilio huohuo kwenye mtihani wa Kiingereza, kwenye maombi, kwenye kila kitu. Kama diploma yako imekosa postnomu au imekosewa herufi, isahihishe sasa. Watu hurudishwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kwa sababu ya herufi moja, na ada hairudi.

Wahariri wetu, hizo pesa zinatoka wapi? Nina kiwanja cha baba, ndugu zangu wanasema tukiuze. – Kijana wa Himbi, Goma

Kiwanja kiacheni. Karo peke yake katika shule kubwa za biashara za Marekani inapita dola 70,000 kwa mwaka, bila chumba wala chakula. Kiwanja kitalipa sehemu tu ya mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili utakuwa huna kiwanja wala shule.

Misaada ipo, lakini mingi ilitengenezwa kwa shahada moja. Chevening ya Uingereza inalipia uzamili wa mwaka mmoja tu, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili (saa 2,800), na inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwa 1+1 ya Oxford, basi, mwaka mmoja utabaki juu yako. Maombi yake hufunguliwa Agosti. Fulbright ya Marekani nayo ina sharti la kurudi miaka miwili, kwa hiyo haiendi vizuri na mpango wa kubaki Marekani kufanya kazi baada ya masomo. Misaada ya Jumuiya ya Madola usipotezee muda, Kongo si mwanachama. Jirani wa Gisenyi anaweza kuomba, wewe hapana.

Kuna pia msaada wa shule zenyewe, na hapa soma kwa makini. Mara nyingi pesa za shule ya biashara zinalipa mihula uliyosajiliwa kwake tu. Ukihamia upande wa mazingira, bomba linafungwa. Kabla ya kukubali nafasi, waandikie uwajibiwe kwa maandishi: msaada huu unahesabu mihula mingapi, unaendelea mwaka wa tatu, na karo ya mwaka huo inatozwa na shule ipi?

Kwa maoni yetu, asiye na pesa aanze na Ulaya. Uzamili wa mazingira unaoitwa MESPOM, ulio chini ya Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, ni miaka miwili, na anayepata msaada wake halipi karo na hupewa euro 1,400 kwa mwezi. Ubelgiji, kupitia ARES, shirika la vyuo vyake vya Kifaransa, hugharamia Wakongo kusoma kwa Kifaransa. Masomo ya biashara unaweza kuyaongeza baadaye, ukiwa na mshahara.

Ukichagua Marekani hata hivyo, chuo hakitatoa I-20, yaani fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka uonyeshe gharama zote za mwaka wa kwanza. Benki zilipofunga milango Goma mwaka 2025, wengi walikwama hapo. Mdhamini mwenye akaunti mji mwingine anakubalika akiandika barua ya udhamini na kuambatisha taarifa ya benki. Ongeza dola 350 za SEVIS (daftari la Marekani la wanafunzi wa kigeni), dola 185 za ombi la viza, na safari ya ubalozini Kinshasa.

GMAT au GRE? – Msomaji wa Bagira, Bukavu

Yote mawili ni mitihani ya kuombea uzamili. Chagua GRE, kama unaomba shule mbili. Shule za biashara karibu zote zinaipokea, na za mazingira zinazodai mtihani zimeizoea hiyo; nyingi zimeacha kudai kabisa. Inachukua saa 1 na dakika 58, na kikokotoo unaruhusiwa kwenye hesabu. GMAT ni saa 2 na robo, maswali 64, alama 205 hadi 805, na kikokotoo kipo kwenye sehemu ya takwimu tu. Matokeo ya yote mawili yanadumu miaka 5, lakini ya mitihani ya Kiingereza, TOEFL na IELTS, miaka 2 tu, kwa hiyo Kiingereza kifanye mwisho. Ukifanyia mtihani nyumbani, usitegemee umeme wa mtaa: kompyuta yenye betri nzuri, na modemu ya intaneti kwenye betri yake.

Binti yangu ana miaka 22, amemaliza lisansi ya kilimo mwaka huu. Anataka kwenda moja kwa moja kwenye hizo shahada mbili. Nimruhusu? – Mama wa Katuba, Lubumbashi

Mama, upande wa mazingira watampokea akiwa na pointi nzuri. Upande wa biashara ndio watamwambia asubiri, kwa sababu darasa lao hujengwa na watu wenye miaka kadhaa ya kazi. Yale ina mlango mdogo kwa wanaotoka chuo moja kwa moja, unaitwa Silver Scholars, lakini ni mwembamba kweli.

Aanze kazi, hata ya mkataba mfupi: kwenye timu inayoandaa tathmini ya athari za mazingira, au kwenye ushirika wa wakulima ambako atashika daftari la mauzo. Akitaka kuendelea kusoma bila kukaa, shule ya uzamili ya ERAIFT iko Kinshasa tangu 1999, inafundisha usimamizi wa misitu na ardhi kwa Kifaransa. Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika kina taasisi ya maji na nishati huko Tlemcen, Algeria, inayotoa misaada kwa vijana wa Afrika. Aulize mapema lugha ya kufundishia ya kila kozi, na pasipoti aitafute sasa.