Mbona wakala wa hawala ananihoji kama polisi?

SWALI: Nauza vitambaa Eastleigh, Nairobi, na kila mwezi namtumia mama matumizi Kismayo. Siku hizi wakala wa hawala, yaani wa kutuma pesa kwa kuaminiana bila benki, anataka kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kazi yangu, hata uhusiano wangu na mpokeaji. Kama serikali inahofia al-Shabaab, si ifunge hawala zote yaishe?

JIBU: Dada yangu, walishajaribu. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, Benki Kuu ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa. Kufikia Juni zilikuwa zimeruhusiwa tena.

Ugumu uko hapa: shilingi zako hazivuki mpaka. Wakala wa Nairobi anazipokea, anampigia simu mwenzake wa Kismayo, naye anamlipa mama dola zilizo kwenye droo yake. Deni lao watalimaliza baadaye, pengine kwa mzigo wa bidhaa kutoka Dubai. Ukimnyang'anya leseni, simu anabaki nayo. Kinachopotea ni daftari la nani kamtumia nani, na daftari ndilo mpelelezi analolitafuta.

Sasa hayo maswali. Wakala analinganisha majina na orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa, yaani ya watu wasioruhusiwa kupewa pesa. Msomali anaitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Hebu nihesabie kina Mohamed Ali Hassan walioko Eastleigh peke yake! Jina likifanana na la orodhani, ni tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho zitakazokutoa shakani.

Hata hivyo, sisi tunaofuatilia pesa za ugaidi tunajua kwamba fomu hizi hazigusi mfuko mkubwa wa al-Shabaab. Hutoza malori kwenye vizuizi vya barabarani, huchukua mifugo kwa jina la zaka, na huwadai wafanyabiashara hadi ndani ya Mogadishu. Makaa ya migunga yaliyouzwa nchi za Ghuba ya Uarabuni nayo yaliwalipa vizuri. Februari 2012 Baraza la Usalama liliyapiga marufuku kwa azimio 2036, na bado majahazi yaliendelea kupakia.

Ila usije ukazikata dola 600 mafungu matatu kwa mawakala watatu ili kukwepa maswali. Mtindo huo ndio unaoandikiwa ripoti, na sheria inamkataza wakala kukudokezea kwamba amekuripoti.