Mwenye ng'ombe ni nani?

Mhariri,

Katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji: "Je, sheria tulizonazo visiwani zinatosha kumlinda mnyama dhidi ya ukatili na kutelekezwa, au kinachokosekana ni utekelezaji tu?" Mimi naona swali limeruka jambo moja ambalo linatakiwa kuulizwa kwanza, nalo ni nani hasa anayepaswa kushikwa. Namna ukatili kwa wanyama unavyoeleweka huku kwetu, mkosaji ni yule aliyeonekana na bakora mkononi, na kwa ng'ombe wa gari huyo mara nyingi ndiye mwenye kosa dogo zaidi.

Nyumba yangu iko juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka Wete, na wanaoijua Pemba wanafahamu kwamba kisiwa hiki hakina njia nyingi za tambarare. Magari ya ng'ombe hupita mbele ya baraza yangu tangu alfajiri, mengine yamepakia mchanga, mengine mawe au kuni. Kaskazi iliyopita, saa saba ya mchana, ng'ombe mmoja alipiga magoti katikati ya mpando akakataa kuinuka. Shingoni, pale mti wa gari unapokaa, alikuwa na kidonda kibichi kilichofunikwa na nzi. Kijana aliyekuwa akimwendesha alimpiga mara tatu au nne, watu wakatoka majumbani, na maneno aliyoambiwa hayaandikiki gazetini. Tulipomtuliza nikamuuliza kwa nini amepakia kiasi kile ilhali anaona ng'ombe ana jeraha. Alinijibu kwa adabu tu, "Mwalimu, hesabu ya mwenyewe sijaitimiza, na nikirudi mikono mitupu kesho gari atapewa mwengine." Tulipakua nusu ya mchanga, ng'ombe akanyweshwa maji, na mambo yakaishia hapo.

Neno hilo la hesabu ndilo kiini cha ninayoyaandika. Ng'ombe ni wa mtu mmoja, anayemwendesha ni mwingine, na kila jioni mwendeshaji hupeleka kiasi cha fedha walichopatana, kama afanyavyo dereva wa daladala. Daladala ikichoka huzima yenyewe njiani na mwenyewe hulazimika kuitengeneza, lakini ng'ombe huendelea kutembea siku nyingi baada ya kuchoka, na siku hizo zote hesabu inafika. Mwenye ng'ombe hakuinua fimbo, hakuwapo kilimani, na pengine kidonda chenyewe hajakiona. Yeye ndiye aliyepanga kiasi cha fedha ambacho hakipatikani bila ya kumchosha mnyama.

Tukimtoza kijana faini, tujiulize ataipata wapi. Ataongeza safari mbili kila siku mpaka imalizike, na hivyo faini ile italipwa na ng'ombe.

Kwa upande wa sheria zenyewe, ni vyema wasomaji wakumbuke kwamba mifugo si jambo la Muungano. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo husikika ikitajwa redioni na watu wakadhani inatufikia, ni ya Tanzania Bara. Sisi wa Zanzibar tunayo sheria yetu ya mwaka 1999 ya kusimamia rasilimali za mifugo, Namba 11, na sheria ya mwaka 2014 ya mamlaka za serikali za mitaa, Namba 7, ambayo kwayo mabaraza yetu yanaweza kutunga sheria ndogo. Ni katika hizi sheria ndogo ndipo ninapoweka matumaini yangu, maana jambo la kamba, ndoo ya maji na mzigo wa mchanga linahitaji msimamizi aliye karibu, yaani sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, na bwana mifugo wa eneo. Kulipeleka kwa watu wa mbali ni kulisahau.

Hata waliotangulia katika jambo hili hawakulipata sawasawa mara ya kwanza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1822, ambayo huhesabiwa miongoni mwa za mwanzo duniani kuwalinda ng'ombe na farasi, ililenga kupiga na kutesa, na faini yake ilianzia shilingi kumi hadi pauni tano. Ile ya mwaka 1849 ilimtaja pia anayemwendesha mnyama kupita kiasi, na anayesababisha vitendo hivyo vifanywe na mtu mwingine. Robo karne na zaidi ilipita kati ya sheria hizo mbili.

Sisi tulikuwa na mafunzo hayo zamani kabla ya wao. Kila aliyesoma chuo cha Kurani amesimuliwa habari ya ngamia wa Madina aliyemwona Mtume (S.A.W.) akatokwa na machozi. Mtume alimpangusa, kisha akauliza mwenye ngamia ni nani. Alipojitokeza kijana wa Kiansari, aliambiwa amche Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, kwani mnyama huyo amelalamika kwamba anawekwa na njaa na anachoshwa. Swali la kwanza lilihusu umiliki, na malalamiko yenyewe yalikuwa ya njaa na uchovu, wala bakora haikutajwa.

Njaa na uchovu ni vigumu kuvishitaki kwa sababu havina tukio. Aliyepiga ana mashahidi, lakini ng'ombe aliyefungwa kamba ukingoni mwa barabara tangu asubuhi, jua likamhama kutoka ubavu huu hadi ule bila ya kivuli wala tone la maji, hakuna aliyemfanya lolote. Tunampita tukienda sokoni na tunampita tukirudi. Ndiyo maana sheria ndogo isiishie kukataza ukatili kwa neno moja la jumla. Itaje wajibu: maji mara ngapi, kivuli saa zipi, ng'ombe mwenye kidonda cha shingo asivute gari mpaka bwana mifugo aandike kwamba amepona, na aliyeandikiwa zuio hilo awe ni mwenye ng'ombe. Kuhusu mzigo, nisingeshauri kutaja kilo, kwa kuwa hakuna mizani kilimani na hakuna atakayeitafuta. Mchanga upimwe kwa ubao wa pembeni wa gari, alama ipigwe kwa rangi, na ukivuka alama hata mtoto wa skuli auone.

Najua kuna watakaosema nimeacha jambo kubwa, yaani mchezo wa ng'ombe, ambapo fahali aliyefungwa kamba huchokozwa mbele ya watu, na ambao wageni wanaokuja Pemba hupenda kuuandika, wengi wakieleza kwamba ni athari ya Wareno. Sisemi kwamba mchezo ule hauna maudhi kwa mnyama, na kamba ile ningependa iangaliwe. Lakini ng'ombe wa mchezo niliowaona mimi walikuwa wamenona na wameoshwa, na mchezo ni wa siku chache. Wa gari yuko njiani kila siku na hapigwi picha.

Pingamizi lililo zito kwangu ni jingine. Wenye ng'ombe si matajiri wote. Namfahamu mjane ambaye urithi wake wote ni ng'ombe mmoja, na hesabu ya jioni ndiyo chakula cha watoto wake. Kumzuilia ng'ombe wiki tatu ni kuwazuilia watoto hao. Sina jibu jepesi, ila naona onyo la kwanza liwe la maandishi bila ya malipo, matibabu ya kidonda yasigharimu kitu kwa aliye na mnyama mmoja tu, na adhabu ibaki kwa aliyeonywa akapuuza. Bila ya kujua mwenyewe ni nani, hata onyo hilo halina pa kupelekwa. Kwa hiyo sheha awe na daftari la ng'ombe wote wa kazi katika shehia yake, na namba iliyoandikwa kwenye gari imtambulishe mwenye ng'ombe.

Kijana yule bado anapita mbele ya baraza yangu. Nimeweka ndoo chini ya mwembe, naye husimama bila ya kuambiwa. Kidonda kimekauka upande mmoja tu. Nimemuuliza mara mbili ng'ombe ni wa nani, na mara zote mbili amenijibu kwamba ni wa mtu wa Konde.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba